Siku Tatu za Kurudi kutoka Sorsele

Kanuni ile niliiandika mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikuielewa.

Wakati ule nilikuwa katibu wa chama chetu cha kusaidiana, chama cha familia za Kirundi zinazoishi kusini mwa Stockholm. Majira ya baridi fulani mwanachama mmoja, mama wa watoto watatu, alipigiwa simu akiwa kwenye kituo cha treni cha Tumba, akaambiwa palepale kwamba kaka yake amefariki. Alianguka. Waliokuwa wakisubiri treni walidhani amelewa. Walinzi wakamkalisha kwenye benchi na kumuuliza kitambulisho, na ilipita karibu saa nzima kabla ya kufika mtu anayemfahamu. Tulipokutana baada ya msiba tulikubaliana kuweka kwa maandishi jambo ambalo kwetu lilijulikana bila kuandikwa: mfiwa haambiwi kwa simu, haambiwi njiani, haambiwi akiwa peke yake. Watu hukusanyika kwanza nyumbani kwake, wawili hukaa kulia na kushoto kwake, maji ya kunywa huwa tayari, ndipo mkubwa wa ukoo husema.

Mimi hupenda mambo yaliyopangwa. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na minne kwa sababu ya vita, na karibu yote ninayoyajua, pamoja na kazi yangu ya ufundi wa mifumo ya hewa kwenye majengo ya ghorofa, nimeyapata kwenye vitabu vya maktaba, sura baada ya sura, na kalamu mkononi. Nikaigawa kanuni ile katika vipengele vitano, nikaichapa na kugawa nakala. Wazee walinisifu kwamba sasa tuna utaratibu.

Mke wangu alizaliwa Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mimi ni mtu wa Bujumbura, mji wenye ziwa hilohilo, lakini maji yakinipita magoti kifua hubana. Tulipofika Sweden alianza kutafuta maji. Aliogelea kwenye ziwa Mälaren kila kiangazi, akirudi nyumbani na nywele zimelowa na uso wa mtu aliyetoka kusali. Lakini alisema maji ya Stockholm yana watu wengi mno, hayamsikilizi.

Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Huko alikuwa akimwogesha bibi mmoja aliyezaliwa kaskazini, mbali na pwani, na bibi huyo alimsimulia kila asubuhi juu ya maziwa ya kwao, ambako mtu huogelea na kunywa maji yaleyale. Bibi alifariki mwezi wa Februari. Mke wangu aliporudi kutoka mazishini aliniambia kwamba safari hiyo ataifanya, mimi nikiwepo au nisipokuwepo.

Nikanunua karavani kwa mstaafu mmoja wa Jakobsberg. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayokokotwa nyuma ya gari: vitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja. Ilikuwa kuukuu, na mvua ilikuwa imeingia kwenye kona moja. Nilisoma kitabu kuhusu kukokota, nikafanya mazoezi ya kurudi nyuma kwenye maegesho ya kanisa siku za wiki, nikazizunguka ndoo za plastiki nilizozipanga badala ya koni. Nikachora jedwali la safari, kilomita upande mmoja, upande wa pili kila mahali pa kuogelea palipoonyeshwa kwenye ramani kati ya Östersund na Arvidsjaur. Waswidi hupaita *badplats*: kigati cha mbao, kibanda cha kubadilishia nguo, choo cha shimo na ngazi ya kushukia majini. Mke wangu alilitazama jedwali akasema kwamba hata likizo nimeitengenezea ratiba ya ukaguzi.

Tuliondoka Julai, sisi wawili na binti yetu wa miaka kumi na minne. Ilikuwa kabla simu za kioo hazijaingia kila mfuko. Tulikuwa na simu ndogo za vitufe, yangu na ya mke wangu.

Kaskazini ya ndani sikuipenda. Barabara ni moja, msitu pande zote, na magari yanayokutana nawe ni ya magogo. Miji ni midogo na ilikuwa ikifungwa polepole. Benki ya zamani ilikuwa na mapazia ya nyumba ya mtu. Shule ilikuwa na mbao madirishani. Pampu ya mafuta haikuwa na mhudumu, ilikuwa na mashine tu ya kuingizia kadi. Kwenye ziwa moja baada ya Strömsund tulimkuta mzee akipaka rangi kigati. Alikuwa akikipaka kila mwaka, alituambia, kwa ajili ya watoto wa kijiji. Nilimuuliza watoto ni wangapi. Alifikiri, akasema mwaka ule hawakuwepo.

Mke wangu hakuyaona hayo, au aliyaona akayaacha. Kila mahali alifanya vilevile: aliingia bila kusita, alichota maji akajipaka kwenye paji la uso, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaenda mpaka kichwa chake kikawa nukta. Mimi nilikaa kwenye kigati na taulo, na kipimajoto nilichokifunga kwenye kamba.

“Daktari,” alinipigia kelele kutoka majini, “mgonjwa ana homa ngapi?”

“Kumi na sita.”

“Basi anakufa huyu. Njoo umshike mkono.”

Kila kiangazi kwa miaka kumi na moja aliniita niingie. Kila mara nilisema kesho.

Jumanne asubuhi tulikuwa Sorsele, kwenye kambi iliyo kando ya mto. Mke wangu alikuwa ameshuka mtoni, binti yangu yuko kwenye kibanda cha kuoshea vyombo, mimi naangalia upepo wa matairi. Simu yangu ikalia. Alikuwa baba mdogo wa mke wangu, anayeishi Akalla, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao huku.

“Mkwe, uko peke yako?”

“Niko peke yangu, baba mdogo. Yeye yuko mtoni.”

“Gari limesimama?”

“Limesimama.”

Alipouliza hilo nilijua, kwa sababu kipengele cha kwanza cha kanuni kinaagiza kwamba ndugu anayepigiwa badala ya mfiwa aulizwe hivyo kwanza.

“Mama yetu wa Rumonge ametutoka. Jana jioni.”

Alinieleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Mama mkwe alikuwa ameumwa siku mbili tu. Kaka wa mke wangu, aliye kulekule, alikuwa amekubali kuusubirisha mwili na kuzika Jumatatu ili binti yao afike. Tiketi chama kingeshughulikia. Kazi yangu ilikuwa moja: nimlete nyumbani taratibu, bila kumshtua, nao wangekuwa wanatusubiri. “Kanuni unaijua kuliko mimi,” alisema. Nilisema ninaijua.

Nilikaa kwenye ngazi ya karavani nikapiga hesabu. Kutoka Sorsele hadi kwetu Tumba ni zaidi ya kilomita mia nane, na gari lenye karavani haliruhusiwi kuzidi mwendo wa themanini. Siku tatu za kawaida, siku mbili za haraka. Haraka ingemfanya aulize. Siku tatu zingetufikisha Alhamisi jioni, angepanda ndege Ijumaa, Jumamosi yuko Bujumbura, Jumapili Rumonge, Jumatatu anamzika mama yake. Kulikuwa hata na nafasi ya siku moja. Niliipitia hesabu mara mbili na haikuwa na kosa.

Nilipoinua macho binti yangu alikuwa amesimama na beseni la vyombo. Mtoto yule hunijibu kwa Kiswidi, lakini Kiswahili anakisikia chote. Alisema neno moja, *mormor*, yaani bibi mzaa mama, na halikuwa swali. Kisha akauliza nitamwambia mama lini.

Nilimweleza utaratibu. Nilimweleza kuhusu mwanamke wa kituo cha Tumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiswidi kwamba hapa si kituo cha treni, na kwamba mama ni mtu mzima na huyo ni mama yake. Nikamwambia kwamba kwetu hivi ndivyo mtu anavyoheshimiwa, na kwamba akisema yeye atakuwa amemwangusha mama yake porini, mbali na daktari na mbali na ndugu. Hilo la mwisho lilimtisha. Nililisema ili limtishe. Aliweka beseni chini na tangu hapo hakusema na mimi zaidi ya ndiyo na hapana.

Mke wangu alipotoka mtoni nilimwambia kwamba beringi ya gurudumu la kushoto la karavani inapata moto, na kwamba si salama kuendelea hadi Arvidsjaur. Lazima turudi, polepole, tukisimama kuipoza. Mimi ni fundi, aliniamini. Akaenda mwenyewe akaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu, kama anavyompima mzee homa.

“Mbona haina moto?”

“Imelala usiku kucha. Subiri tutembee.”

Kisha, akiwa anakausha nywele, nilichomoa fyuzi ya soketi inayochaji simu. Simu yake ilikuwa na chaji kidogo. Ilizima saa sita mchana. Alinionyesha kioo cheusi akasema afadhali, likizo imeanza sasa. Yangu niliizima mwenyewe, nikamwambia naitunzia betri ikitokea gari likaharibika. Nilihofia ikilia ataipokea yeye.

Hivyo tukaanza kurudi. Kila kituo alishuka wa kwanza kuligusa gurudumu. “Mgonjwa wako amepona,” alisema Storuman, na nikasema tusimwamini upesi. Saa saba mchana tukaingia Vilhelmina. Mji ule una uwanja mdogo wa ndege unaopeleka abiria Stockholm, na barabarani kuna kibao chenye picha ya ndege na mshale.

“Kumbe hata huku ndege zinatua,” alisema mke wangu.

Nilitazama kioo cha nyuma. Binti yangu alikuwa ananitazama humo, na aliendelea kunitazama mpaka kibao kilipopita. Nilifikiria ndege ile: mwanamke mmoja kwenye kiti, wageni kulia na kushoto kwake. Vipengele vyote vitano vilikuwa upande wangu. Nikaendelea na mwendo uleule.

Jumatano tulisimama kwenye ziwa moja kusini mwa Dorotea ambalo halikuwa kwenye jedwali langu. Mke wangu aliona kibao cha buluu chenye picha ya mtu anayeogelea, akaomba tupumzishe gurudumu. Nisingeweza kumkatalia kitu siku zile. Ziwa lilikuwa tupu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai kwa sababu ya mizizi ya msituni, na hapakuwa na upepo. Aliingia, akajipaka maji kwenye paji la uso, akafanya ishara ya msalaba, na nilipoona mkono ule ukipita kifuani ilinibidi nigeuke niangalie kibanda cha nguo.

Hakwenda mbali siku hiyo. Alisimama maji yakiwa kifuani, akaninyooshea mikono yote miwili.

“Njoo, mzee wangu. Leo tu. Nikikuzamisha, binti yako ni shahidi.”

Nikavua shati. Nikaingia.

Akacheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wachumba. Alinishika mikono akanivuta hatua kwa hatua, maji yakanifika kiunoni, yakanifika mbavuni, nikashindwa kuvuta pumzi kwa baridi. Aliniambia nilale chali na niuache mwili wangu kwenye mikono yake. Nilifanya hivyo. Masikio yalikuwa chini ya maji, sikusikia alichosema. Niliuona tu uso wake juu yangu, nyuma yake anga jeupe, naye anaongea na kutabasamu. Nilikuwa nimebebwa na mtu aliyefiwa na mama yake, na mimi ndiye niliyejua.

Tulipotoka alitaka kumwambia binti yetu kwamba ameona, baba ameelea. Mtoto alikuwa amefunga mlango wa karavani kwa ndani. Mke wangu alisema ni umri.

Jioni hiyo, tukipika kwenye kambi, alizungumza kuhusu mama yake bila kujua chochote. Alisema mwakani atampeleka zawadi ya miwani mpya na atamsimulia kwamba mkwe wake aliogelea, na mama atakataa kuamini. Nilisema ndiyo, atakataa.

Alhamisi asubuhi tulisimama Sundsvall kuweka mafuta. Mke wangu na binti waliingia dukani kutafuta kahawa na mkate. Nikaiwasha simu kumjulisha baba mdogo saa tutakayofika. Palikuwa na jumbe tano za sauti, zote zake, ya kwanza ya Jumatano saa nane mchana. Chumba cha maiti kule kilikuwa kimekosa umeme, na mafuta ya jenereta hayakupatikana. Kaka wa mke wangu alisema mwili hauwezi kusubiri. Wangezika Alhamisi, saa nne asubuhi. Kwenye ujumbe wa pili baba mdogo aliuliza niko wapi. Kwenye wa tatu alisema niachane na kanuni, nimwambie, azungumze na ndugu zake angalau kwa simu kabla mama hajatolewa nyumbani. Wa nne na wa tano sikuusikiliza mpaka mwisho.

Majira ya joto saa ya Sweden na saa ya Burundi ni moja. Niliangalia saa ya gari. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Nimeandika hapa ili niseme ukweli, kwa hiyo nitasema nilichofanya katika dakika zile kumi. Nilirudisha bomba la mafuta mahali pake. Nilifunga kifuniko cha tangi. Niliwaza kwamba nikimwambia sasa, kwenye kituo cha mafuta, mbele ya watu, atakuwa ameanguka kwenye saruji kama yule mwingine, na bado hatafika. Niliwaza pia kwamba angeweza kupiga simu, na mtu kule angeweza kuishikilia simu karibu na jeneza, naye akasema lolote ambalo mtoto humwambia mama. Mawazo yote mawili yalikuwa sahihi. Nilisimama kati ya mawazo hayo mpaka mlango wa duka ulipofunguka wenyewe na wao wakatoka, mke wangu ameshika vikombe viwili, ananipa kimoja, anasema macho yako yamepooza wewe, hukulala? Saa ilikuwa nne na dakika tatu.

Mke wangu alipotangulia kupanda garini, nilimwambia binti yangu kwa sauti ya chini kwamba bibi anazikwa saa hii. Kutoka hapo hadi Tumba ni karibu kilomita mia nne. Sikumbuki chochote isipokuwa kwamba aliimba.

Tulifika alasiri. Aliyaona magari kwanza. Maegesho ya jengo letu yalikuwa yamejaa na aliyafahamu yote: gari la mchungaji, gari la baba mdogo, basi dogo la yule Mkongo anayebeba vyombo vya sherehe. Kisha akaona vijana wawili wa kanisa wakiingiza viti vya plastiki vyeupe kwenye lifti. Alikuwa amebeba viti vile mwenyewe mara nyingi kwenda kwa wengine. Hakushuka. Aliweka mikono juu ya magoti.

“Nani?” aliuliza.

Hata hapo sikumjibu. Nilisema twende juu.

“Nakuuliza nani.”

Binti yangu ndiye aliyemjibu, kutoka kiti cha nyuma, na alimjibu kwa Kiswahili. “Ni bibi, mama. Wamemzika leo.”

Hakuanguka. Nilikuwa nimeandaa vipengele vitano kwa ajili ya mtu anayeanguka, na yeye alifungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kushikwa na mtu. Wanawake walikuwa wamemtandikia godoro sebuleni. Alikaa juu yake. Wawili wakakaa kulia na kushoto. Baba mdogo alisema maneno aliyokuwa ameyaandaa, na yeye alimsikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza tangazo la jambo analolijua.

Watu walikaa nasi juma zima. Alilia na wanawake. Mbele yangu hakulia.

Maswali yalianza wiki ya tatu. Hayakuwa na hasira na hayakuwa na saa maalumu. Yalikuja akiwa anamenya ndizi, au tukisubiri taa barabarani.

“Jumanne saa saba mchana tulikuwa wapi?”

“Tunapita Vilhelmina.”

“Penye kibao cha ndege.”

“Ndiyo.”

Aliendelea kumenya. Siku nne au tano zilipita, kisha likaja lingine. “Nilivaa nguo gani Jumatano?” “Nilipozungumza kuhusu miwani ulikuwa unafanya nini?” “Beringi iliwahi kupata moto?” Nilijibu kila kitu kwa usahihi, kwa sababu usahihi ndio ulikuwa umebaki. Hesabu ambayo hakuniuliza niliifanya mwenyewe: ndege ya Jumanne jioni kutoka Vilhelmina, uwanja wa Arlanda, Stockholm, usiku, Bujumbura Jumatano jioni, Rumonge kwa gari alfajiri ya Alhamisi. Angefika kabla ya saa nne. Niliipitia hiyo nayo mara mbili.

Binti yetu naye aliulizwa, mara moja tu. Nilikuwa chumba cha pili nikasikia. Mama yake alimuuliza kama alijua tangu Sorsele. Alisema ndiyo, baba alisema nikisema nitakuangusha. Nikasikia mke wangu akimwambia kwamba hana kosa, aje amkumbatie. Mimi sikuitwa.

Mwezi wa Oktoba niliandika pendekezo kwa chama kwamba kanuni ifutwe. Kurasa mbili, na sababu zimepangwa. Nilimpelekea asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini. Alisoma kurasa zote mbili amesimama, akaziweka kwenye kiti, akarudi kwenye pasi.

“Siku ile ulipoingia majini,” alisema, “ulinionea huruma?”

“Ndiyo.”

“Miaka kumi na moja nimekuita.”

“Najua.”

Alimaliza kola. Akageuza sare, akaanza mkono mmoja, kisha wa pili.

“Iacheni kanuni yenu ilivyo, haina kosa. Nimeisoma tangu ulipoigawa. Inasema mtu asiambiwe akiwa peke yake.” Akasimamisha pasi. “Mimi nilikuwa na mume wangu. Siku tatu nzima nilikuwa naye. Ulitaka nikusanyikiwe na nani?”

Hilo ndilo lililokuwa swali la mwisho. Hakuniuliza tena mahali wala saa.

Pendekezo sikulipeleka. Nilijiuzulu ukatibu, nikasema kazi imekuwa nyingi. Karavani niliiuza kabla ya theluji. Mke wangu hakuacha kuogelea. Huwa anakwenda na binti yetu, na mimi hubaki nyumbani, kwa sababu hakuna aliyesema nije.

Julai iliyofuata walikwenda Rumonge wote wawili kwa ajili ya kumaliza msiba, kama ifanyikavyo kwetu baada ya mwaka. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku nyingi kabla, nikamwambia kwamba naweza kuja. Alisema kwa upole kwamba mambo ya kule ni ya watoto wa mama. Niliwapeleka Arlanda kwa gari. Nilishusha masanduku, nikayapanga kwenye kitoroli kutoka zito hadi jepesi. Alinishukuru kwa kuwasindikiza, kwa maneno yaleyale anayomshukuru jirani akimpa lifti, akasukuma kitoroli, na milango ikajifunga nyuma yao. Nilirudi nikakaa garini mpaka dakika za maegesho zikaisha.